Tatu, Kisha Mbili

Mimi kuimba sijui. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi hapa machimbo ya Namba Nane watu wananiita mama wa muziki, na nusu yao wakisema hivyo wananitukana. Sauti niliyopewa na Mungu ni ya kuuzia ugali. Nikiita, "Njooni, samaki wanaisha!" wachimbaji wananisikia hadi kule kwenye makarasha yanayosaga mawe. Kwaya ya kwetu Chato walinitoa nikiwa na miaka kumi na miwili, na walifanya la maana.

Vyombo vya watoto vilianza kwa sababu ya zebaki. Hapa wanaume wanachimba mawe kwenye maduara, ndivyo tunavyoyaita mashimo, na wanawake wengi wanashinda juani na nyundo kuyavunja vipande kabla hayajaenda kusagwa. Mtoto unampeleka wapi? Anazurura. Na anakozurura ni mialoni, wanakooshea mchanga na kunasa dhahabu kwa zebaki. Zebaki inang'aa, inakimbia, ukiigusa inazaa vipande, na bado sijaona mtoto wa kuipita akaiacha. Siku moja nikamkuta Vumilia, binti wa Dorah, miaka sita, anaiviringisha kiganjani huku anacheka. Nikamchapa kofi la mkono, nikamnawisha kwa sabuni mara tatu, halafu nikaenda kumkaripia mama yake. Dorah alinisikiliza hadi nikaishiwa. Akasema, "Mama Aneth, kama unajua sana kulea, mchukue wewe."

Mdomo uliniponza. Wiki haijaisha nilikuwa na watoto kumi na mmoja chini ya turubai langu la mgahawa, na sufuria mbili za maharage motoni. Aneth, mwanangu mwenyewe, yuko Chato kwa bibi yake anasoma. Mimi nilidhani nimeshapumzika. Nikawaambia, kesho kila mtu aje na kitu cha nyumbani ambacho mama yake hatakitafuta. Walikuja na makopo ya rangi, galoni za mafuta ya kupikia, vizibo vya soda, sufuria iliyotoboka, ndala moja ya kushoto. Mmoja alileta mwiko mpya, jioni akachapwa.

Tukaanza na ngoma. Nilikata galoni shingo, nikaifunika kwa kipande cha turubai, nikafunga kwa kamba. Ikalia kama mtu anakung'uta godoro. Bibi Mbuke, jirani yangu, mama wa Kisukuma asiye na jino hata moja la mbele, alicheka hadi akashika mbavu. "Mayo wane! Hiyo ngoma ina homa," akasema. Tukatupa turubai, tukachukua mpira wa ndani wa gurudumu. Watoto wanne wakauvuta huku na huku kwa nguvu zao zote, mimi nikafunga, na safari hii ikasema: du. Kayamba tulitengeneza kwa chupa za maji. Tuligundua kwamba mchanga unanong'ona na punje za mahindi zinagombana, lakini Bibi Mbuke akakataza mahindi, chakula hakichezewi, tukatia changarawe. Zeze la kopo lilitushinda siku nne. Waya wa breki ya baiskeli ni mnene mno. Hadi tulipoufumua tukabaki na uzi mmoja ndipo lilipotoa sauti, tena sauti ya kulalamika, na watoto wakalipenda kuliko vyote.

Januari, mume wangu, alikuwa fundi wa matimba, zile nguzo zinazozuia kuta za duara zisianguke. Alirudi akanikuta nimekaa chini nafumua waya kwa meno. "Serafina, wewe na muziki wapi na wapi?" akaniuliza. Nikamwambia anyamaze ale. Lakini Jumapili iliyofuata hakwenda kunywa na wenzake. Nyuma ya jiko langu palikuwa na ncha ya bomba la chuma imechomoza ardhini, nene kiasi cha mkono wa mtu. Nilikuwa nimejikwaa hapo mara ngapi, nikalitukana mara ngapi. Januari akafukua pembeni yake hadi likasimama kimo cha kifua cha mtoto. Alisema ni bomba la maji la duara la zamani, shimo lililoachwa na watu wa kabla yetu na ambalo sasa limejaa maji. Enzi zao walivuta maji kutoka chini hadi huku juu kwa kuoshea mchanga. Akaligonga kwa nyundo ndogo. Lo! Sauti ikaenda mbali, ikashuka, ikachelewa kuisha.

"Kengele ya parokia kabisa," akasema, na kwa uso ule nikaona sasa nina watoto kumi na wawili.

Akazungushia mpini wa ile nyundo raba ili usiumize mkono mdogo, akampa Vumilia, kwa sababu ndiye peke yake aliyeweza kushika mapigo bila kukimbia. Na mapigo yenyewe hakufundishwa na mtu. Tatu, kisha mbili. Ndivyo mama zao wanavyogonga mawe kutwa nzima: tatu nzito za kupasua, mbili nyepesi za kumalizia. Watoto wale walinyonya huku wakiyasikia. Wengine wote wakamfuata Vumilia, galoni, makopo, kayamba, lile zeze la malalamiko, na kila jioni wachimbaji walikula ugali wangu wakitikisa vichwa. Kwa miezi miwili hakuna mtoto wangu aliyekanyaga mialoni. Nilijisifu, usinione hivi. Nilijisifu kwa kila aliyekaa kwenye benchi langu.

Halafu ikaja ile Jumatatu.

Asubuhi Januari alikuwa ananung'unika. Matimba ya duara lao ni membamba, mvua imenyesha siku tatu mfululizo, mwenye duara hataki kununua mengine, leo yeye atashuka tu kuyakaza yaliyopo. Ilikuwa siku ya tatu anarudia maneno hayohayo, na mimi nilikuwa na unga wa kuchekecha. Nikamwambia, "Si ndiyo kazi yako? Nenda basi." Ndivyo nilivyomuaga. Alikuwa ananitafuta nimwambie asiende. Sasa naelewa. Na mimi nikamwambia nenda basi.

Saa nne duara likatitia. Mimi niko kwangu, mwendo wa dakika kumi na kilima katikati, lakini vifuniko vya sufuria vilicheza. Watu watano walikuwa ndani: Januari, Chacha ambaye ni mume wa Rebeka, yule anayeuza chai jirani na mimi, ndugu wawili kutoka Maganzo walioacha kutafuta almasi wakaja kutafuta dhahabu, na mgeni mmoja aliyeitwa Ngassa, ambaye alikuwa na siku tatu tu hapa kwetu.

Kuna desturi ya shimoni ambayo hata mtoto wa Namba Nane anaijua. Mtu aliyefukiwa hapigi kelele, kelele inamaliza hewa. Anachukua jiwe, anagonga mwamba kwa hesabu ya walio hai. Wakiwa wanne, anagonga nne. Wa juu wakisikia wanajibu hesabu ileile, ili wa chini wajue wamesikika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kuokoa ni kunyamaza. Makarasha yalizimwa machimbo mazima, wanawake wakaweka nyundo chini, na Mzee Mageni, mchimbaji mkongwe ambaye masikio yake yanaaminiwa kuliko mashine, akafungwa kamba akashushwa kwenda kulaza sikio kwenye mwamba.

Jumatatu hakusikia kitu. Jumanne hakusikia kitu. Wanaume wanane walijitolea kuondoa kifusi kwa zamu, wakielekea mashariki, mahali ambapo wale watano walikuwa wakifanya kazi. Mmoja wao alikuwa Athanas, baba yake Vumilia. Maofisa wa madini wakaja na kofia zao nyeupe, wakamulika nyufa za kuta kwa tochi, wakasema bila kuficha: hawa wanane nao watakufa. Ikifika Jumatano saa sita mchana bila dalili ya uhai, tunafunga.

Mimi na Rebeka tulikaa mdomoni mwa duara muda wote huo. Yeye alikuwa na mimba ya miezi saba. Watu walituletea chai ikapoa mikononi mwetu. Watoto nilimwachia Bibi Mbuke, na kusema kweli, sikuwafikiria hata kidogo. Nilifikiria "nenda basi" na hakuna kingine.

Jumatano saa tatu asubuhi kamba ikavutwa kwa fujo. Mzee Mageni akatoka, udongo uso mzima, machozi yamechora mistari. "Wanagonga!" akasema, akarudia. "Wanagonga! Tatu, wanapumzika, halafu mbili. Wamechoka, hawawezi kuzipiga zote kwa mkupuo, lakini ni tano. Wako watano! Wote wazima!"

Alisema sauti inatoka magharibi, upande wa lile duara la zamani. Bila shaka wamekimbilia huko wakapata upenyo. Amewajibu tano, nao wakarudia. Amewajibu tena, wakarudia tena.

Sijui nani alianza vigelegele. Rebeka alinikumbatia, tumbo lake katikati yetu, na mtoto wake akapiga teke nikalisikia mimi. Hata ofisa mkubwa alivua kofia akajifuta jasho akicheka. Muda ukaongezwa. Wale wanane wakauacha upande wa mashariki, wakageuza sururu magharibi. Nikasema jamani, watu hawa tumbo tupu watachimbaje, nikakimbia nyumbani kupika uji. Nilikimbia naimba. Mimi!

Bibi Mbuke alikuwa amesinzia kwenye mkeka. Vyombo vyote alikuwa amevifungia chumbani kwangu tangu Jumatatu, maana kwao mtaa ukiwa na watu shimoni ngoma hailii. Lakini bomba huwezi kulifungia chumbani. Watoto walikuwa wamelizunguka, wametulia kuliko nilivyowahi kuwaona, na Vumilia alikuwa ameshika nyundo.

"Shikamoo, Mama Aneth," akaninong'oneza. Macho yalikuwa yanang'aa. "Bomba lina mtu. Tukigonga, linatujibu."

Akagonga anionyeshe. Tatu, kisha mbili. Watoto wakabandika masikio kwenye chuma, wakanisogezea nafasi na mimi. Chuma kilikuwa cha baridi. Ndani yake, mbali, nikasikia: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Kwa pumzi moja tu nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mkoa wa Geita. Nilidhani ni Januari. Halafu nikazisikiliza upya. Tano zile zilikuwa zimepangana sawasawa, za mkono wa mtu aliyeshiba hewa. Lilikuwa jibu. Alikuwa Mzee Mageni. Mzee alikuwa anamjibu mtoto wa miaka sita, mtoto anamjibu mzee, na wale watano hawakuwamo kabisa katika mazungumzo hayo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu asubuhi. Bibi alipolala." Akaniangalia. "Tumekosa?"

"Hapana, mama. Hamjakosa." Nikamnyang'anya nyundo.

Bomba likagonga tano. Hatukujibu. Likakaa kimya, likagonga tano tena, haraka zaidi. Mzee wa watu alikuwa anawaita.

Sasa wewe unayejua kuhukumu, nisikilize. Nikisema, wanafunga duara juu ya mume wangu. Nikinyamaza, wanaume wanane wanaendelea kuchimba chini ya kuta zenye nyufa, kuelekea mahali pasipo na mtu. Nilipiga magoti, nikaiinua ile nyundo yenye raba aliyoizungushia Januari, nikagonga kwa mkono wangu mwenyewe. Tatu, kisha mbili. Nilifanya hivyo, sikatai. Jibu likaja hapohapo, tano za mbiombio, na nikasikia jinsi yule mzee alivyofurahi.

Vumilia akanivuta kanga. "Baba naye yuko huko chini kwenye bomba? Naye anasikia?"

Nikaweka nyundo chini. Uji sikuupika.

Nilimvuta Mzee Mageni pembeni, alipopandishwa kupumzika, nikamwambia yote. Alinisikiliza akitazama mdomo wangu. "Tatu na mbili?" akauliza.

"Tatu na mbili. Ni zetu. Ni za watoto."

Akakaa chini kwenye tope, mtu mzima na mvi zake. Baadaye akanyanyuka akaenda kwa maofisa, kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Athanas na wenzake wakavutwa juu. Mzee akaomba wapewe hata nusu siku warudi mashariki, maana upande ule ulikuwa umeachwa tangu asubuhi. Ofisa mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alimwinamia akasema polepole, "Mzee wangu, sasa dalili gani imebaki?" Saa kumi jioni katapila likasukuma udongo. Padri alisoma, shehe akaomba, kwa sababu hatukujua Ngassa alikuwa wa dini gani.

Rebeka hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Alisema, "Ungenyamaza, Mama Aneth. Ungenyamaza tu." Wapo waliosema mimi mchawi, nimemzika mume wangu akiwa hai. Wapo waliosema nimeokoa watu wanane. Dorah alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa ajili ya Athanas, na shukrani yake iliniuma kuliko matusi ya wengine wote.

Alhamisi nilitia vyombo vyote kwenye gunia, nikafunga mdomo wake. Bomba nililizungushia matambara kutoka juu hadi chini, nikakaza kwa kamba. Nikawaambia watoto, atakayeligusa nitamchapa hadi asahau jina lake. Waliitikia, "Ndiyo, Mama Aneth," na hakuna aliyelia.

Ijumaa asubuhi, nasonga ugali wa matanga, Vumilia akaja mbio. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele yangu, viganja juu, nione kwamba haina kitu.

"Si mimi, Mama Aneth. Haki ya Mungu si mimi. Linagonga lenyewe."

Niliyararua yale matambara kwa kucha. Nikaweka sikio. Mbili. Kimya kirefu, hadi nikadhani nimechanganyikiwa. Mbili.

Nikagonga mbili. Zikarudi mbili.

Nilipiga ukelele uliomtoa Bibi Mbuke nje bila kitambaa kichwani. Tukatuma mtoto kwa Mzee Mageni, akaja anachechemea, akalaza sikio lake palepale, akafumba macho. Aliposikia akavua kofia. Halafu akauliza, "Bomba hili nani alilifukua?"

"Januari."

"Basi aliijua sauti yake." Akaliwekea bomba kiganja. "Jumatano, mwanangu, hatukuwa peke yetu kusikia. Na wao walisikia, ingawa kugonga kwao kulimezwa na kifusi. Tatu na mbili, asubuhi nzima. Wakadhani ni sisi tunakuja, au Januari akajua ni kwake, akawaambia wenzake twendeni huko. Bomba linapita kwenye ukuta wa duara la zamani. Walikuwa wanalichimbia. Kwa mikono."

Yaliyobaki niliweza kuyamalizia mwenyewe. Saa tano ya Jumatano nilinyang'anya nyundo. Toka hapo walichimba gizani siku mbili bila kitu cha kufuata, na waliofika ni wawili.

Mzee aliwaleta maofisa. Walikuja wawili na kofia zao nyeupe, wakasimama nyuma ya jiko langu nusu saa nzima kwenye jua, kwa zamu, sikio kwenye chuma. Niligonga mbili. Mzee akagonga mbili. Bomba likanyamaza jii. Labda walikuwa wamelala. Labda mikono ilikuwa imechoka. Mmoja wa maofisa akaliona gunia, akaona shingo ya zeze imetokeza, akawatazama watoto waliojipanga ukutani.

"Pole sana na msiba, mama," akasema. "Lakini watoto hawa muwaangalie."

Hawajafika barabarani, bomba likagonga mbili. Nilikimbia nyuma ya gari lao nimepoteza ndala, napiga kelele na sauti hii yangu ya kuuzia ugali, na vioo vilikuwa vimefungwa.

Wale wanane walikwenda wenyewe. Hakuna aliyewatuma, na safari hii hakuna aliyewaruhusu. Athanas alikuwa wa kwanza. Walifunga winchi kwenye duara la zamani wakaanza kuvuta maji kwa ndoo, Ijumaa kutwa, Jumamosi tangu alfajiri. Wanawake tulipokezana ndoo tukizimwaga kilimani. Maji yalishuka kimo cha mtu mmoja, tukaanza kuthubutu kuangaliana usoni. Jumamosi mchana mvua ikanyesha. Si mvua ya kutisha, ni mvua ya kawaida ya wakulima, wangeiombea mashambani. Maji yakarudi palepale yalipokuwa, ukuta mmoja ukaporomoka ndani, na wale wanane wakatoka wakakaa kwenye majani wakitazama mikono yao. Mzee Mageni alisema, "Basi." Nikamtukana tusi ambalo sitalirudia, akalipokea akainamisha kichwa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Rebeka alipokuja nyuma ya jiko langu. Tangu Jumatano alikuwa hajanisemesha. Hata sasa hakunisemesha. Alikaa upande wa pili wa bomba, tumbo likamsumbua, akajigeuza hadi sikio lake likafika. Na mimi nikaweka langu. Nyuso zetu zilitazamana, bomba katikati.

Nikagonga mbili. Tukangoja.

Likagonga moja.

Tukangoja ya pili. Tulingoja hadi Rebeka akaanza kutikisa kichwa, hapana, hapana. Nikagonga mbili tena, nikazigonga kwa hasira, nikamwambia yule wa chini ahesabu vizuri. Likajibu moja.

"Januari," nikasema.

"Chacha," akasema Rebeka. Tulisema kwa pamoja.

Nimeshasema mengi, nitasema na hili. Niliomba. Niliomba mkono ule uwe wa Januari, na nilijua sala hiyo inamuua nani, na nikaendelea kuomba. Rebeka alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, na najua naye alikuwa anamuua nani. Wala hatukumkumbuka Ngassa, wala wale ndugu wa Maganzo, ambao nao wana mama zao. Vidole vyetu vilikuwa vimeshikana juu ya chuma kilekile.

Nikamwita Vumilia alete nyundo. Alisimama mbali, anaogopa kuchapwa. Nikamwambia, "Njoo, mama. Gonga zile zako. Asikie yuko karibu na nyumbani."

Akaja. Akagonga tatu, kisha mbili. Likajibu moja. Watoto wengine wakasogea. Akagonga tena tatu, kisha mbili, na safari hii jibu lilichelewa, likaja moja, jepesi sana, bila Rebeka kushtuka nisingejua kwamba limekuja.

Akagonga tena. Tukaweka masikio. Akagonga tena. Jua likazama kabisa, kuku wa Bibi Mbuke wakaingia bandani, na yule mtoto bado anagonga, hajakimbia hata pigo moja, tatu, kisha mbili. Mwisho akahamishia nyundo mkono wa kushoto, akanitazama.

"Mama Aneth, halijibu. Niache?"

Rebeka ndiye aliyemjibu, sikio lake lingali kwenye chuma.

"Usiache," akasema.